Shingo ni Shahidi wa Uongo

Pale Soko la Karume, Ilala, hakuna chumba cha kujaribia suruali. Kuna meza za mbao, kuna lundo la nguo, kuna kijana amesimama juu ya lundo akiimba bei, na kuna jua. Ukitaka kujua kama jinzi itakuenea, unafunga kishikizo chake, unashika ncha mbili za kiuno na kuzizungushia shingoni. Ncha zikikutana kwenye kisogo, imekuenea. Zikiachana, irudishe. Zikipishana, jiandae kununua mkanda.

Kipimo hicho nilifundishwa na binamu yangu nikiwa kidato cha tatu, na kwa miaka mingi hakikuwahi kunitupa. Nilikuwa mwembamba, shingo na kiuno vilikuwa ndugu wa tumbo moja. Kilichotokea baadaye ni kwamba ndugu mmoja alioa akaanza kula wali wa nazi kila usiku, mwingine akabaki vilevile. Leo nina miaka arobaini na minne na shingo yangu ni ile ile ya kidato cha tatu. Ukiniona kwenye picha ya pasipoti unaweza kudhani bado nacheza winga. Matatizo yangu yote yako chini ya fremu.

Basi miaka ile ambayo kila mwanaume mjini alivaa modo, nami nikaenda Karume. Nikafunga kishikizo, nikaizungusha shingoni, ncha zikakutana kama zimeitana. Muuzaji akapiga kofi moja. "Mzee baba, hii ilikuwa inakusubiri wewe tu!" Nikatoa elfu kumi na mbili bila hata kuomba apunguze, kosa ambalo peke yake lingetosha kuniletea mkosi.

Kwa waliozaliwa juzi: modo ni jinzi inayoanza kukubana nyongani na haikuachii mpaka kwenye kifundo cha mguu. Wenye miguu mirefu myembamba walipendeza nayo, siwezi kuwanyima haki yao. Mimi mapaja nimeyarithi kwa babu mzaa mama, aliyepanda milima ya Usambara maisha yake yote na gunia la viazi mgongoni. Paja lake nene, mguu wa chini mwembamba. Ndani ya modo nikaonekana kama mihogo miwili iliyovishwa soksi. Nikatoka sebuleni, nikamwuliza mke wangu ameonaje. Akanitazama muda mrefu.

"Umevaa," akasema.

Kesho yake nikapanda daladala ya Mbagala. Nauli niliiweka mfuko wa mbele, noti ya elfu moja, nikiwa nimesimama kituoni, na mfuko ukaipokea bila matata. Lakini nilipokaa, mfuko ule ukageuka sanduku la posta lililopoteza ufunguo. Konda akafika, anachezesha sarafu kiganjani. "Mzee, nauli." Nikaingiza vidole viwili, vikaishia kwenye kiungo cha kwanza. Nikajinyoosha kidogo, nikajikunja upande, nikainua nyonga. Jirani yangu, mama mmoja aliyepakata ndoo ya dagaa, akaivuta ndoo yake kwake taratibu.

"Baba, unatafuta nini huko?"

"Nauli, mama."

"Mh."

Sijui kama umewahi kusikia daladala nzima ikinyamaza. Mtu wa nyuma akamshauri konda, "Mwache asimame kwanza, suruali inambana." Nikasimama nikiwa nimeinama chini ya dari, kifua changu juu ya ndoo ya dagaa, nikaichimbua noti. Ilitoka imekunjamana, ndogo, ngumu kama hirizi. Konda akaikunjua kwa kucha, akaiinua kwenye mwanga, akanirudishia chenji yangu mkononi polepole, kama mtu anayempa mgonjwa dawa.

Kuivaa ilikuwa kazi, kuivua ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Pindo la modo ni jembamba kuliko kisigino, na kisigino hakina kiungo cha kukunja. Jioni ya kwanza nililala chali kitandani, mke wangu kashika pindo la kulia, binti yetu wa darasa la tano kashika la kushoto, wakavuta kwa kuhesabu. Walichofanikiwa kukihamisha ni mimi, mpaka ukingoni mwa kitanda. Yule mtoto ndiye aliyeleta ufumbuzi: kipande cha mfuko wa rambo kwenye kisigino, suruali inateleza juu yake. Tangu hapo nikawa sivai wala sivui bila rambo. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, wenzangu walijiuliza nyama watabebea nini. Mimi nilijiuliza jioni nitavuaje.

Nilimlalamikia mjomba wangu, akacheka mpaka akakohoa. Akanikumbusha Operesheni Vijana, Januari 1969, Umoja wa Vijana wa TANU ulipopiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana jijini Dar es Salaam. Yeye alikuwa kijana wakati ule, na aliwachukia wale vijana wa chama kwa roho yake yote. "Walisema suruali za kubana zinaharibu utamaduni," akasema. "Wangesema zinazuia damu, ningejiunga nao."

Mtu mwenye akili angetulia hapo. Lakini mitindo ina tabia ya mgeni asiyeaga: unadhani ameondoka, kumbe yuko uani anaoga. Mara modo zikaanza kuonekana za kizee, vijana wakahamia kwenye bwanga, jinzi pana ambayo mguu mmoja unatosha familia. Nikajiambia Mungu si Athumani, sasa mitindo imekumbuka watu wa mapaja. Nikanunua bwanga. Mapaja yakapumua. Shida ni kwamba mimi ni mfupi, na bwanga inamtaka mtu mwenye urefu wa kuigawia. Kwangu ilianza kiunoni ikaishia njiani, kisha ikajirundika juu ya viatu ikisubiri maelekezo.

Kwenye pantoni ya Kigamboni upepo uliingia kwenye mguu wa kulia, ukakuta hakuna kizuizi, ukajaza. Nikawa tanga. Watoto wawili walihama upande mwingine kwenda kunitazama vizuri zaidi. Na siku ya mvua Kariakoo nikajifunza jambo ambalo vijana hawasemi: pindo la bwanga linakunywa. Huhitaji kukanyaga dimbwi, pita tu karibu. Maji yalianza vidoleni, nilipofika Msimbazi yako kwenye goti, meusi, yana harufu ya samaki na ya mambo mengine. Nilipanda ngazi za ofisi fulani nikiacha mistari miwili nyuma yangu kama konokono. Mama yangu aliponiona na suruali hiyo sikukuu ya Idi, hakustuka hata kidogo. "Baba yako alikuwa nayo. Tuliita pekosi. Alijikwaa nayo siku ya posa."

Aliyeniokoa ni fundi cherehani wa mtaani kwetu Temeke, mzee mmoja mwenye cherehani nyeusi ya Butterfly barazani kwa mwenye duka. Nilimpelekea bwanga aipunguze. Hakuchukua futi. Alikuwa ameshaniangalia tangu nakunja kona.

"Kaka, wewe unanunua suruali za watu wengine."

"Fundi, ni mitumba. Zote ni za watu wengine."

"Sisemi mwenyewe. Nasema mwili."

Akanionyesha kwa jinzi iliyokuwa mezani. Kiuno, akasema, ndicho kitu rahisi kuliko vyote: anafumua mshono wa katikati nyuma, pale juu ya makalio, anapunguza inchi moja au moja na nusu, anarudishia nyuzi za rangi ya dhahabu kwa sindano namba 16, wala hutajua kama pameguswa. Akizidisha hapo, mifuko ya nyuma inasogeleana kama majirani wanaoteta. Urefu nao ni kazi ya dakika kumi, na fundi anayejua hatupi pindo la asili, analikata na kulirudisha chini ili ule mchujuko wake ubaki. "Lakini paja," akasema, akaligonga la kwangu kwa mkasi kama anayejaribu tikiti, "likikosa nafasi dukani, mimi nitaitoa wapi?"

Nikabaki nimeduwaa. Miaka yote nilikuwa nikipima kile ambacho fundi angeweza kukirekebisha kwa bei ya chipsi mayai, tena nakipimia shingoni.

Mambo mengine aliyasema huku akishona, bila kuniangalia. Tumbo halifichwi kwa kuishusha suruali chini yake, maana hapo unalipatia rafu ya kukalia. Tafuta jinzi yenye nafasi ndefu kutoka kwenye msamba hadi kwenye mkanda, ipande karibu na kitovu, tumbo liingie ndani litulie. Mguu uteremke umenyooka kutoka kwenye paja mpaka kwenye kiatu, usifuate umbo la shavu la mguu wala usilikimbie, na pindo likilazwa mezani liwe kama inchi nane. Iguse kiatu mara moja basi. Ukiona imejikunja mara tatu mfululizo, umejiwekea matuta kama barabara ya shule. Rangi iwe samawati iliyokolea. Kuhusu zile zilizochanwa magotini aliinua kichwa kwa mara ya kwanza: "Umri wako, mtu akiona goti atakuuliza umeanguka wapi."

Huyu fundi hajui, nami sikumwambia, kwamba jinzi yenyewe ni mtoto wa fundi mwenzake. Jacob Davis alikuwa mshona nguo huko Reno, Nevada, mwanamke mmoja alipomwendea akitaka suruali imara ya mume wake mkata kuni. Inasimuliwa kuwa bwana huyo alikuwa na mwili mkubwa, za dukani hazikumwenea. Davis akaishona, akaipigilia ribiti za shaba kwenye kona za mifuko isichanike, wengine wakaiona wakataka. Akamwandikia Levi Strauss, mfanyabiashara wa San Francisco aliyemuuzia vitambaa, washirikiane kuilinda kazi hiyo kisheria, na hataza ikatoka tarehe 20 Mei 1873. Kwa maana hiyo jinzi ilianza maisha yake ikiufuata mwili wa mtu mnene mwenye kazi ngumu. Sisi ndio tulioigeuza, ikawa mwili unatakiwa kuifuata jinzi.

Siku hizi naenda Karume Jumamosi asubuhi mapema, wakati belo linafunguliwa, nikiwa nimevaa bukta. Shingo naipumzisha. Jinzi naivaa palepale juu ya bukta, nyuma ya lundo, na ninafanya mazoezi ambayo wauzaji wameshayazoea: nachuchumaa, nainua goti kama anayepanda ngazi ya daladala, nakaa kwenye kigoda cha muuzaji, na nikiwa nimekaa nachomoa noti mfukoni. Noti isipotoka, jinzi inarudi kwenye lundo hata kama ni bure. Kuna kijana hunishangilia, "Mzee anapima barabara!" Ashangilie. Hajawahi kuinamia ndoo ya dagaa.

Ndivyo nilivyoipata hii ninayoivaa sasa. Wazee wetu mitumba waliiita kafa Ulaya, na mara nyingi nimevaa nguo bila kumwaza marehemu. Huyu namwaza. Magotini imechujuka juu kidogo kuliko kawaida, maana yake alikuwa mfupi. Ndani ya mapaja uzi umelika pande zote mbili kwa usawa, maana yake yalikuwa yanasuguana kama yangu. Mfuko wa kulia una alama ya duara ya kitu alichokibeba kila siku, pengine kopo la tumbaku. Kiuno kilizidi, fundi akakipunguza inchi moja na robo. Nilipotoka nayo sebuleni, mke wangu alinitazama tena kwa muda mrefu, akaniambia nigeuke, nikageuka.

"Hiyo umenunua wapi?" akauliza. Katika miaka kumi na saba ya ndoa, hajawahi kuuliza hivyo kuhusu nguo yangu yoyote isipokuwa kwa nia ya kuirudisha.

Nina hii moja tu, na imeanza kuchoka msambani. Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, kama una shingo nyembamba na mapaja ya Usambara, na Jumamosi ukaona Karume jinzi ya samawati iliyokolea, mguu umenyooka, kiuno 38, tafadhali iache mezani. Nimeshamwachia yule kijana elfu tano ya kishika uchumba.