Taa Imepepesa Mara Saba

Saa sita kasorobo usiku, mwandishi wa safu hii alikuwa amepiga magoti chini ya meza ya runinga, miwani kaipandisha utosini, anahesabu. Taa ya kijani, ndogo kama punje ya mchele, ilikuwa inapepesa, inatulia kidogo, kisha inapepesa tena.

"Baba watoto, huko chini unasali au umepoteza kitu?"

"Ngoja kwanza, nilishafika tano."

Akaanza upya. Saba.

Kwenye kompyuta za Raspberry Pi, kupepesa kule si mapambo. Ikipepesa mara nne, faili la kuamsha mtambo halikuonekana. Ikipepesa mara saba, kiini chenyewe cha Linux, mfumo unaoiendesha, hakipo mahali pake. Runingani, mraba wa rangi za upinde wa mvua ulikuwa umeganda, mzuri wa kutazama, hauna faida yoyote. Saa mbili kabla ya hapo mtambo huohuo ulikuwa unawaonyesha watoto katuni. Kiini kilikwenda wapi?

Kwa asiyeifahamu, hii ni kompyuta nzima kwenye ubao mmoja wenye ukubwa wa kadi ya benki. Haina kifuniko, haina kibodi, haina diski. Maisha yake yote yamo kwenye memori kadi ya ukubwa wa ukucha. Ilizaliwa Cambridge, Uingereza, kwa Eben Upton na wenzake, waliokuwa na wasiwasi kwamba vijana wanaoomba kusoma sayansi ya kompyuta chuo kikuu wanapungua na wanaokuja hawajawahi kuchokonoa mashine. Iliingia sokoni Februari 29, 2012, kwa dola 35. Siku yake ya kuzaliwa, kwa hiyo, huja kila baada ya miaka minne, na huenda ndiyo sababu ya deko lake.

Ya mwandishi ni toleo la 2018, 3B+, aliyouziwa na rafiki. Kadi aliinunua Kariakoo. Kasha liliandikwa 64GB, na bei yake ilikuwa ya chakula cha mchana cha watu wawili, soda ikiwemo. "Bosi, hiyo orijino kabisa," muuzaji alimhakikishia, "hata karatasi yake si unaona inavyong'aa?" Karatasi ilikuwa inang'aa kweli.

Kesho yake mpwa wake, kijana wa mwaka wa pili chuoni, aliitia kadi ile kwenye kompyuta yake na kuendesha programu ndogo iitwayo f3. Kazi yake ni ya kishamba lakini haidanganyiki: inaijaza kadi mafaili mpaka pomoni, kisha inarudi kuyasoma moja moja kuona kama yapo. Yalikuwepo ya gigabaiti saba na ushee. Zilizobaki zilikuwa hewa. Utapeli huu hufanywa ndani ya kadi: kile kijichipu kinachoisimamia hufundishwa kutaja ukubwa wa uongo, na kompyuta haina sababu ya kubisha. Nafasi ya kweli ikijaa, baadhi ya kadi hizi huzunguka na kuanza kuandika tena mwanzoni. Katuni za watoto zilipokosa pa kukaa, zikarudi mlango wa mbele na kukalia kiti cha kiini cha Linux.

Tangu hapo mwandishi ana msimamo mmoja, na hataki kubembelezwa aulegeze: kompyuta ya bei poa ikigoma, Linux ni mtuhumiwa wa mwisho. Anza kumkamata yule wa bei ndogo kuliko wote mezani.

Msimamo huo, hata hivyo, aliupata akiwa tayari ameshaaibika kwa chaja.

Pi ya aina ile inataka volti 5.1 na ampea 2.5. Mwandishi alikuwa na chaja nyeusi ya simu, tundu linaingia vizuri, akaona yanini kuongeza gharama. Kumbe waya mwembamba wa chaja hizo hula volti njiani, kama mtoto aliyetumwa dukani anavyokula chenji. Umeme ukishuka chini ya volti 4.63, taa nyekundu ya ubaoni huzimika na alama ya radi hutokea kwenye kona ya skrini. Mwandishi aliiona ile radi tangu siku ya kwanza, na ilimfurahisha. Kwa wiki tatu alikuwa akipita mbele ya runinga anatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mjomba, shikamoo. Hiyo radi hapo vipi?"

"Marahaba. Hiyo inachaji."

Mpwa alinyamaza kwa heshima. Kisha akauliza polepole, "Mjomba, lakini hii si haina betri. Inachaji nini?"

Aliketi, akaandika amri moja, na mashine ikajibu kwa namba: 0x50005. Akaisoma kama daktari anavyosoma cheti cha maabara: umeme hautoshi sasa hivi, ulishapungua tangu mtambo uwashwe, na kwa sababu hiyo mtambo umepunguza mwendo ili usianguke. Kwa ufupi, ina njaa. Siku hiyohiyo mwandishi akatoka kwenda kununua chaja yake halisi, nyeupe, na radi ikatoweka. Katuni nazo zikaacha kukwama.

Cha kumfariji ni kwamba hata waliounda mitambo hii wameponzwa na vitu vidogo. Raspberry Pi 4 ilipotoka Juni 2019 ilikuwa na tundu la kisasa la USB-C, ambalo linataka pini mbili fulani kila moja iwe na rezista yake. Wabunifu wakazipa pini zote mbili rezista moja, zigawane. Matokeo yake, ukitumia waya wenye chipu ndani, kama ule unaokuja na laptopu za kifahari, chaja yenye akili inaipima Pi, inadhani imeunganishwa na vifaa vya kusikilizia muziki, na inakataa kutoa umeme. Waya mjinga wa mtaani, usiopima wala kuuliza, uliiwasha bila matatizo. Mbao za baadaye zilirekebishwa. Mwandishi amekuwa akiusimulia mkasa huu kila penye watu zaidi ya wawili, maana ni mara chache sana waya wa bei rahisi huibuka mshindi.

Na Pi 2 ya Februari 2015 je? Ile ilikuwa ikipigwa picha kwa kamera yenye mwako wa xenoni, inazimika. Papo hapo. Chipu moja ya umeme iliwekwa ubaoni ikiwa uchi, bila ganda, na mwanga mkali ukiipiga silikoni huchokoza umeme usiotakiwa. Dawa iliyopendekezwa ilikuwa kuifunika kwa kibonge cha ule ulimbo wa kubandikia mabango ukutani. Kompyuta yenye haya kiasi hicho ingefaa kuolewa Lamu.

Laptopu ilikuja baadaye. Mtumba, RAM ya 2GB, diski ya 32GB iliyogandishwa ndani isiyobadilishika, na Windows ambayo mpaka iwake maharage yameshaiva. Fundi wa mtaani alitaka aipige Windows upya. Mwandishi akamwambia hapana, hii inapigwa Linux, tena ataipiga mwenyewe.

Kuna amri iitwayo dd, ya tangu Unix ya miaka ya 1970. Ni herufi mbili tu. Unaiambia soma hapa, andika pale, nayo inaandika. Haiulizi kama una uhakika. Wataalamu hutania kwamba herufi zake ni kifupi cha "disk destroyer", mwangamizi wa diski. Kwenye meza ya mwandishi siku hiyo kulikuwa na flashi tupu, ambayo Linux iliiita sdc, na diski ya nje yenye video ya kitchen party ya shemeji yake, ambayo Linux iliiita sdb. Mwandishi hakuwa amevaa miwani.

Linux iliandikwa vizuri kabisa, bila kosa hata moja, juu ya kitchen party ya shemeji. Programu nyingine, PhotoRec, ilikesha ikichimba mabaki na kuokoa vipande: keki kabla haijakatwa, mgongo wa MC, na dakika nne za mtu anayetafuta maiki. Shemeji anajua kwamba diski ipo kwa fundi.

Jaribio la pili liliifikia flashi, laptopu ikawaka, na Debian, mojawapo ya aina za Linux, ikaanza kujisimika. Katikati ya safari ikasimama: Wi-Fi haiwezi kufanya kazi bila programu yake ya ndani, na programu hiyo itafutwe kwenye intaneti. Yaani ufunguo wa kabati upo, umo ndani ya kabati. Kwa miaka mingi Debian iliziweka kando programu za aina hiyo kwa kuwa wenye viwanda hawatoi msimbo wake; mwaka 2022 wanachama wakapiga kura, na Debian 12 ya Juni 2023 ikaja nazo tayari. Mwandishi alikuwa na toleo la kabla ya hapo, alilolihifadhi ili kubana bando. Mpwa alichomeka simu ya Android kwa waya wa USB, akaruhusu ishee intaneti, na laptopu ikaipokea simu kama kadi ya mtandao ya kawaida. Dakika mbili. Mwandishi alikuwa amehangaika tangu alasiri.

Wi-Fi ikafufuka, ila kwa masharti. Ilikuwa inaiona rauta ukiwa umeiegemea tu. Rauta ya nyumba hiyo ipo juu ya friji, basi kwa karibu wiki mbili mwandishi alifanya kazi zake jikoni, amesimama, laptopu juu ya friji, kama mhubiri kwenye mimbari. Na kila aliyetaka maji baridi ilibidi amwombe asogee. Alilaumu ukuta, alilaumu mvua. Kosa lilikuwa hivi: baadhi ya chipu za Wi-Fi zina matundu mawili ya antena, mwenye kiwanda akabana matumizi na kufunga waya mmoja tu, halafu draiva inasikiliza sikio ambalo halikufungwa kitu. Mstari mmoja kwenye faili la mipangilio, ant_sel=2, uliiambia isikilize upande wa pili. Laptopu sasa inashika mtandao mpaka chooni.

Limebaki la saa, ambalo mwandishi angependa lisisimuliwe.

Pi ile haina saa yenye betri. Pi 5 ya mwaka 2023 ndiyo ya kwanza kuwa na saa ubaoni, na hata hapo betri inanunuliwa kando. Hizi nyingine zikizimika huamka zikiamini ni ile saa ziliyoiandika mara ya mwisho, kisha huuliza muda sahihi mtandaoni. Asubuhi moja, baada ya umeme kukatika usiku kucha, mwandishi aliona saa imebaki nyuma na hakuwa na subira ya kuisubiri iulize. Alitaka kuipanga kwa mkono. Mashine ikakataa, kwa kuwa kazi hiyo hufanywa na mtandao. Akauzima utaratibu huo wa mtandao. Kisha akapaza sauti kuuliza saa ngapi.

"Saa mbili na dakika kumi, Mjomba!" mpwa alijibu toka jikoni.

Mwandishi akaandika 02:10.

Linux ina mpangilio wa Kiswahili, sw_TZ, na mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na washirika wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zinazozungumza Kiswahili. Ila hata ukichagua Kiswahili, saa mbili asubuhi huandikwa 08:00. Mwandishi alipoagiza masasisho, mashine iliyakataa: orodha ya mafaili imeandikwa wakati ambao bado haujafika, na utafika baada ya saa tatu na dakika kadhaa. Alishuku wadukuzi. Akachomoa waya wa rauta, akaurudisha. Mwishowe, kwa kukosa la kufanya, akasubiri. Saa tatu na ushee zilipopita, masasisho yakaingia bila neno, na mwandishi akaitangazia nyumba nzima kwamba amelitatua tatizo. Saa iliendelea kuwa nyuma kwa saa sita mpaka Jumapili, mpwa alipoangalia.

Leo laptopu ni ya kazi za shule za watoto, na Pi ipo nyuma ya runinga ikiwa na kadi ya 32GB iliyopimwa na f3 kabla pesa hazijatoka mfukoni. Tatizo ni kwamba tangu Jumanne radi imerudi kwenye kona ya skrini. Mwandishi alipochungulia nyuma ya meza alikuta chaja nyeusi. Ile nyeupe inajaza simu haraka, kwa hiyo inajulikana ilivyoondoka. Imeandikwa 5.1V na 2.5A, ina alama ya kalamu nyekundu pembeni. Aliyeichukua airudishe juu ya friji, hataulizwa chochote.