Pikipiki Haichaji? Ifikishe Jioni kwa Heshima

Ndugu yangu wa kijiweni, umebonyeza selfu ikajibu "tik" ikanyamaza. Honi inakoroma, indiketa imeganda. Betri haipati chaji, hesabu ya tajiri inasubiriwa, na hela ya spea huna. Tulia. Jioni utafika, na abiria hatajua lolote.

1. Egesha mlimani. Tunaoishi Mwanza tumepewa vilima bure: Bugando, Isamilo, Capri Point. Vitumie. Kabla ya kuzima injini, elekeza pua bondeni. Mteja akipanda, weka gia ya pili, kamata klachi, teremka, kisha iachie klachi ghafla. Itashtuka. Akiuliza mbona hubonyezi selfu, mwambie unabana mafuta. Ila hakikisha pikipiki yako ni ile ambayo cheche ya plagi inatoka moja kwa moja kwenye magneti. Kama hata cheche inategemea betri, mlima hautakusaidia. Nenda namba 4.

2. Zima mapambo. Hapa nakugusa moyo, najua. Zile taa mbili ulizofunga kwenye usukani, zikiwa za wati 20 kila moja, zinakula zaidi ya ampea 3. Betri yako pengine ni ya ampea-saa 5. Piga hesabu: zikitegemea betri peke yake, saa moja na nusu kwisha, na hapo redio hatujaihesabu. Magneti ya pikipiki ndogo haikutengenezwa kulisha disko. Lakini usizifungue, mtaa utasema umefilisika. Chomoa waya wake tu. Mchana nani atajua haziwaki?

3. Osha vichwa vya betri. Fungua waya wa hasi kwanza, halafu wa chanya. Ukikuta unga mweupe au wa kijani, mwagia maji ya moto, sugua kwa brashi, kausha, kaza, paka grisi. Mara nyingi ugonjwa wote uko hapo, na umeutibu kwa bei ya kikombe cha maji. Wenzako waambie ulikuwa na kazi kubwa ya umeme.

4. Kachaji mwaloni. Wavuvi wa dagaa wanavua kwa taa, kwa hiyo ufukweni betri zinachajiwa. Nenda kipindi cha mbalamwezi, dagaa hawafuati taa na wavuvi wengi wamelala nyumbani. Hutagombania foleni.

5. Fyuzi usiidanganye. Ujanja wote nakuruhusu, huu hapana. Ikiungua, usiweke waya wala karatasi ya pakiti ya sigara. Fyuzi imekufa ili waya zisiungue, na waya zenyewe zinapita chini ya tangi la mafuta ulilolikalia karibu, wewe na mama aliyebeba mtoto mgongoni. Weka mpya ya kipimo kilekile. Na taa kubwa ikianza kufifia jioni, kalale. Barabara ya Nyegezi usiku bila taa si ya kujaribia bahati.

6. Ukipata hela, mwendee fundi kifua mbele. Huna haja ya kujua umeme; jua swali moja: "Injini ikiwa kwenye mwendo, mita ya volti kwenye betri inasoma ngapi?" Ataacha kukuita dogo. Betri nzima iliyojaa chaji na kupumzika inasoma karibu volti 12.6. Ukivuta mafuta inapaswa kupanda kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda, tatizo ni koili ya magneti, waya au rektifaya. Ikipita 15, rektifaya imeshindwa kubana umeme, inachemsha betri, na ukinunua betri mpya leo itaichemsha hiyo pia. Kwa hiyo akikwambia "tubadilishe betri kwanza", mkatalie kwa upole mpaka mita iwekwe mbele ya macho yako. Mlipe ukishaiona 14. Kijiweni sema umeitengeneza mwenyewe.