Jinsi ya Kumchangia Mchango

Sisi watu wa kuchanga tumechangia harusi, matanga, hospitali, hata karo ya mtoto wa jirani. Lakini mchango, yule mnyoo mrefu wa tumboni, hakuna aliyewahi kumfungulia kamati. Basi mkulima wa Litein au Mogogosiek, huu hapa mwongozo.

Anza kwa kukikwepa choo. Mnyoo jike hutaga hadi mayai 200,000 kwa siku, ila yai likitoka tumboni huwa seli moja tu, haliwezi kumwambukiza mtu. Linataka udongo wenye unyevu, kivuli na hewa, na chini ya michai yetu vyote vimo, tena bila kodi. Jiangalie tu nyapara asikuone umechuchumaa.

Sasa subiri, na usimlinganishe na jamaa yake wa maabara, mnyoo C. elegans, mwenye urefu wa milimita moja. Yule huanguliwa kwa saa kama 14, kwa kuwa mama amemfungia masurufu: maagizo ya kutengeneza saiklini na protini nyingine za kugawanya seli. Saiklini hulundikana seli ikijiandaa, huvunjwa ikigawanyika, kisha hulundikana tena. Migawanyiko ya mwanzo huendeshwa kwa akiba hiyo: nakili DNA, gawanyika, nakili, gawanyika, hakuna kupumzika, kama mchumaji msimu wa majani mengi.

Mchango wetu hana pupa. Hutumia siku kadhaa kufikisha seli nne tu. Hata hivyo hamtegemei mama peke yake: mwaka 2014 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba jeni zake huanza kusomwa kabla hata kiini cha baba na cha mama havijaungana. Mtoto anaenda kibaruani na wazazi bado hawajafunga ndoa!

Akipita seli nne, usishtuke ukisikia anajipogoa. Wewe hupogoa chai kila baada ya miaka mitatu au minne. Yeye hupogoa DNA, tena mara moja tu maishani. Seli zitakazokuwa mwili hukata kromosomu na kutupa takriban asilimia 13 ya DNA, pamoja na jeni zipatazo 700, nyingi zikiwa za kazi ya uzazi. Seli za ukoo wa mayai na mbegu ndizo hubaki na urithi wote. Theodor Boveri aliliona jambo hili kwa mnyoo wa farasi mwaka 1887, wala hakulipwa bonasi.

Kalenda yako itategemea baridi. Kwenye nyuzi 30 yai hukomaa kwa siku 10 hadi 14. Kwenye nyuzi 17, ambazo Kericho tunazijua vizuri, siku 45 hadi 55. Zikitimia, mpeleke nyumbani: palilia, usinawe, kisha ng'oa karoti, ipanguse kwenye suruali na umpe mtoto.

Adui yako ni mwalimu mwenye kopo la vidonge vya minyoo, albendazole. Mwaka 2009 serikali ilianza kuwagawia watoto vidonge hivyo shuleni. Usife moyo lakini. Kidonge humwua mnyoo aliye tumboni. Yai lililo chini ya mchai halimezi kidonge, na linaweza kukaa hai humo kwa miaka.