Titi la Kushoto, Sikonge

Jumatatu, 4 Novemba

Mlangoni kwangu kulikuwa na karatasi: MRATIBU WA HUDUMA ZA SARATANI YA MATITI. Mvua ya kwanza iliingia Ijumaa kupitia dirisha la korido ikala katikati. Kilichobaki ni MRATIBU, na kwa chini kidogo, MATITI.

Asubuhi nimemkuta mzee mmoja mfugaji, kaegemeza baiskeli kwenye mwembe. Mwangaluka, sista. Mwangaluka, baba. Akaeleza: titi moja limevimba tangu juzi, lina moto, maziwa yanatoka na usaha. Nilikuwa nimeshajaza nusu ukurasa wa kaunta buku ndipo nikauliza umri wa mgonjwa. Ana miaka sita na amezaa mara tatu.

Nikamwelekeza kwa afisa mifugo. Akiwa anainuka nikauliza, kwa adabu tu, kama wengine nyumbani hawajambo. Hawajambo wote. Mke ana kijiwe kwenye titi la kushoto tangu kipindi cha palizi, lakini hakimuumi, kwa hiyo naye hajambo.

Nikamrudisha kwenye kiti. Uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni, na ndiyo maana ng'ombe kaombewa dawa kabla ya mama.

Alhamisi, 7 Novemba

Mama kaja, nyuma ya baiskeli ileile. Miaka 46. Nimeandika "Siku ya 1" kwa kalamu nyekundu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango wake wa saratani ya matiti, na ndani yake imo hesabu hii: tangu mwanamke afike kwa mhudumu wa afya hadi ajue anaumwa nini, zisipite siku 60. Hesabu haisemi chochote kuhusu barabara ya Sikonge wakati wa masika.

Hana simu. Katoa namba ya fundi baiskeli wa kijijini kwao. Majina ya wagonjwa sihifadhi kwenye simu yangu, ni siri zao, basi nimeiandika "Titi Kushoto Sikonge". Ninazo kumi na saba za namna hiyo.

Jumapili, 10 Novemba

Kanisani. Simu niliiacha kwenye benchi, kati yangu na mama mchungaji. Wakati wa maombi ya kimya kioo kikawaka: TITI KUSHOTO SIKONGE. Mama mchungaji akaigeuza kifudifudi kwa ncha ya kidole.

Alikuwa fundi baiskeli. Alitaka kujua kama Jumanne niliyosema ni hii au ile nyingine.

Jumanne, 12 Novemba

Siku ya 6. Daktari kachukua vinyama vinne kwa sindano nene. Vimeingia kwenye kikopo chenye formalini ya asilimia 10, mara kumi ya ujazo wa nyama, mfuniko wa bluu, kikawekwa rafu ya juu. Mchana mama wa Urambo aliyemaliza matibabu mwaka jana kaniletea asali ya shukrani. Ya nyuki wadogo, si mchezo. Kikopo cheupe, mfuniko wa bluu. Mhudumu wa usafi kanisaidia kukiweka mahali salama.

Alhamisi, 14 Novemba

Intani kabandika lebo, kafunga plasta mara tatu, na kifurushi kimekwenda na basi la alfajiri. Kondakta kaahidi hatakikalia. Nimefurahi jinsi kazi ilivyokwenda.

Ijumaa, 15 Novemba

Mama wa Uyui kapiga. Baada ya upasuaji tulimshonea titi la kitenge na kulijaza mtama, kwa sababu pamba haina uzito na bega lilikuwa linapanda upande mmoja. Mshono umefumuka. Amefuatwa na kuku kutoka uani hadi kisimani, na walikuwa wanaongezeka njiani.

Nimeandika: mshono mara mbili.

Jumatano, 20 Novemba

Siku ya 14. Simu kutoka maabara. Mtaalamu ni Mzaramo na mimi ni Mnyamwezi, basi ana haki yake tangu enzi za misafara, babu zetu walipotaniana kutoka pwani hadi huku. Akauliza kama huu ndio utani tuliobakiwa nao. Akasema amekwisha kupima: ni asali. Akauliza aiandikie majibu au aimalize na mkate.

Vinyama vilikuwa rafuni. Tatizo ni kwamba vikizidi saa 72 ndani ya formalini, kipimo cha vipokezi vya homoni kinaweza kudanganya, na kipimo hicho ndicho kinachosema mama anafaa dawa gani. Vyetu vilikuwa vimekaa siku nane. Daktari kasema tuchukue vingine. Hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu angepandisha.

Nimempigia fundi baiskeli.

Ijumaa, 22 Novemba

Siku ya 16. Mama kaja tena. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi kwa maneno marefu.

"Mmepoteza nyama yangu?"

"Hapana mama. Tulibaki nayo. Tulipeleka asali."

Akanyamaza kidogo.

"Ya nyuki wadogo au wakubwa?"

"Wadogo."

Hilo lilimsikitisha zaidi. Akapanda kitandani mwenyewe, akanyoosha mkono.

Jumapili, 24 Novemba

Shemeji kaleta mgeni kutoka Morogoro, tukampeleka Kwihara kuona tembe la Livingstone. Maembe yameanza kuiva. Mgeni alitaka historia, na mimi siku hizi kila historia naisoma kama kaunta buku.

Wasafiri Waingereza Burton na Speke walitumia siku 134 kutoka pwani hadi hapa, mwaka 1857. Stanley, aliyekuwa anamtafuta Livingstone, alipofika mwaka 1871 alikuta mfuko wa barua za Livingstone umelala hapa Unyanyembe, pamoja na askari aliyetumwa kuzipeleka, jina lake Kaif-Halek. Mfuko ulikuwa na tarehe ya 1 Novemba 1870. Stanley akamlazimisha afuatane naye na mfuko wake, na kwa hesabu ya Stanley barua zilimfikia Livingstone huko Ujiji baada ya siku 365. Nikauliza huyo askari alikuwa anasubiri nini hapa. Hakuna aliyejua. Mimi naweza kukisia: njia ilikuwa imefungwa na vita vya mtemi Mirambo, na pengine mtu aliahidi kumpigia baadaye, kwa namna ya wakati ule.

Kisha Livingstone naye akakaa hapa mwaka 1872, zaidi ya miezi mitano baada ya Stanley kuondoka, akisubiri wapagazi kutoka pwani. Mgeni akasema maskini, muda wote huo. Shemeji akamwambia aniulize mimi.

Jumamosi, 30 Novemba

Saa nane usiku. Mama wa Kaliua kapiga: karudi kutoka Mwanza kwenye dripu yake ya kwanza, anakojoa nyekundu. Nikamwambia ni rangi ya dawa, doksorubisini yenyewe ni nyekundu, kesho kutwa itakuwa imekwisha. Akasema huko walimwambia hivyohivyo. Alitaka kuhakikisha kama na mimi niliambiwa.

Jumatano, 4 Desemba

Karatasi mpya mlangoni, ya plastiki. Fundi kaandika SARATANI YA MAITI. Nimeing'oa kabla ya kliniki.

Jumatano, 18 Desemba

Siku ya 42. Majibu yamefika. Yamekuja yenyewe, bila mimi kupiga simu, nikakaa nayo dakika nzima nikitafuta kosa. Jina sahihi, upande sahihi. Nimempigia fundi baiskeli. Akauliza, kwa sauti ya chini, kama ni mabaya. Nikamwambia majibu nampa mwenye titi. Akasema haya, lakini yeye sasa ni kama ndugu. Nikamwambia ni kweli, na bado.

Ijumaa, 20 Desemba

Siku ya 44. Ni saratani. Vipokezi vya homoni vipo, maana yake baada ya upasuaji kuna kidonge cha tamoksifeni, kimoja kila siku, kwa miaka mitano au zaidi. Uvimbe bado mdogo, kwapa safi. Daktari kaeleza taratibu, mimi nikaeleza tena, mzee akaangalia kofia yake.

Mama aliuliza swali moja: mkono wa kushoto utaweza kukamua lini. Nikamwambia mazoezi yanaanza mapema, kwanza kuchana nywele, kisha kupandisha vidole ukutani, kukamua tutapanga. Akachana nywele palepale, kuonyesha kwamba anaweza.

Tarehe ya upasuaji imepatikana. Fundi baiskeli kapewa likizo hadi hapo.

Walipokuwa wanatoka mzee akarudi peke yake akaweka chupa mezani. Maziwa. Nikauliza kama ni ya yule. Ndiyo, kapona, chuchu zote nne zinatoa.

Nimebandika lebo pande nne, kwa herufi kubwa, MAZIWA, na nimeyaficha chini ya kiti changu.