Krasteshia wa Elburgon: Pendekezo la Uainishaji Mpya

Mtaalamu wa kaa na kamba akiambiwa aende Elburgon atacheka. Mji uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, umezungukwa na viazi, mbao na ukungu wa Mau. Hata hivyo, uchunguzi wetu kati ya kiwanda cha mbao na duka la chakula cha mifugo unaonyesha kwamba krasteshia wapo wa kujaza rafu nzima ya makumbusho, na kwamba ule uainishaji wa kuhesabu miguu umepitwa na wakati. Tunapendekeza waainishwe kwa namna walivyofika.

Kundi la kwanza ni Waliokuja kwa Gunia: uduvi wa Ziwa Victoria, Caridina nilotica, ambao Waluo huwaita ochong'a. Hunaswa pamoja na omena, hukaushwa na kutiwa katika chakula cha kuku. Kwa hiyo kuna kuku wa bara wanaokula uduvi mara nyingi kuliko wenye kuku. Kasoro ya kundi hili ni kukosa lebo. Makumbusho hudai mahali, tarehe na jina la mkusanyaji. Kielelezo kisicho na hayo ni chakula cha kuku tu.

La pili ni Wenyeji Wasiojali Bahari, yaani kaa wa mtoni, Potamonautes. Mayai yake huangua kaa wadogo waliokwisha kukamilika, na mama huwabeba chini ya tumbo. Ukitaka kujua jinsia, mgeuze: kifuniko cha tumbo kikiwa chembamba ni dume, kikiwa kipana ni jike. Kikundi hiki kina spishi ndogo mbili, aliyekwisha kukubana na anayejiandaa. Asidharauliwe: mwaka 1950 van Someren na McMahon walieleza kwamba viluwiluwi vya Simulium neavei, nzi aenezaye upofu wa mtoni, huishi wamejibandika juu ya kaa wa maji baridi.

Walioletwa Wakajutiwa tunawapitia haraka. Yumo kamba mwekundu wa Louisiana, aliyetiwa Ziwa Naivasha mwaka 1970 na kuyafyeka mayungiyungi. Elburgon hajafika, tumemwandalia chupa kwa tahadhari tu.

Heshima kuu tunalipa kundi la nne, Wapangaji wa Mabanzi. Inua ubanzi uliolala kwenye unyevu utamwona: mdogo, wa kijivu, miguu 14, akikimbilia giza. Watu humkanyaga wakidhani ni mdudu, kumbe ni binamu wa kamba aliyehamia nchi kavu na bado anahitaji unyevu ili apumue. Jike hubeba mayai katika kifuko chenye majimaji chini ya kifua. Gamba hulivua kwa awamu mbili, nusu ya nyuma kwanza, ya mbele baadaye, kama fundi anayebadilisha mabati bila kuwahamisha wapangaji. Katika Makumbusho ya Nairobi wageni hupigia picha sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyekufa mwaka 1974. Huyu wa mabanzi hajapigwa hata moja.

Limebaki suala la uhifadhi. Krasteshia hutunzwa katika pombe kali ya asilimia 70 au zaidi, ambayo hufifisha rangi hadi mwekundu na wa kijivu wakafanana. Pombe hiyo pia hupungua chupani na lazima ijazwe tena. Kila ripoti ya mtunzaji itaandika kwamba imevukizwa, na kamati yetu imeazimia kutouliza zaidi.