Kwenda na Wakati Bila Kuinuka Kitini: Mwongozo kwa Mkuu wa Manunuzi

Mkuu mwenzangu, kwanza badilisha jina la idara. Hakuna badiliko la bei nafuu kuliko hilo, na mkurugenzi akipita koridoni analiona bila kuambiwa. Mimi nilipoajiriwa mlango wetu uliandikwa "Vifaa". Baadaye ukawa "Manunuzi". Kisha akaja mtu wa semina akatueleza kwamba manunuzi ni lugha ya sokoni, sisi tuseme "Ununuzi na Ugavi". Hapo sikubisha, maana hata bodi yetu ya taaluma, PSPTB, ina maneno hayo kwenye jina lake kwa sheria ya 2007. Leo mlango unasomeka "Ununuzi wa Kimkakati na Mnyororo wa Thamani", na fundi alilazimika kupunguza herufi ili zienee. Ndani, meza ni ileile, mafaili ni yaleyale, na kile kiti kilichovunjika mguu bado kimeegemezwa ukutani kikisubiri profoma tatu.

Tuziseme hizo profoma tatu, kwa kuwa ndizo roho ya kazi yetu. Kwa asiyejua (mwongozo huu utasomwa na wahasibu pia, tuwavumilie), kanuni ya karibu kila kampuni inasema: kabla ya kununua, omba bei kwa wauzaji watatu wasiojuana, linganisha, chukua anayefaa. Sisi wakongwe tuna njia ya mkato. Unampigia muuzaji mmoja unamwambia, "Kaka, niletee zote tatu." Naye anazileta zote tatu, kwa bodaboda moja, ndani ya bahasha moja. Siku moja nilizitandaza mezani, za rimu 200 za karatasi ya A4. Kampuni tatu, anwani tatu, mihuri mitatu: wa bluu, mwekundu na wa zambarau. Zote tatu ziliandika "karatsi". Zote tatu zilikosea jumla kwa shilingi 500 ileile. Na kwa kuwa muhuri wa ile ya kwanza haukuwa umekauka vizuri, ulijigonga kinyumenyume mgongoni mwa ile ya pili, hivyo mshindani mmoja alikuwa ameidhinishwa na mwenzake kabla sijasaini mimi.

Siku hizi profoma zinakuja kwa barua pepe, na hapa ndipo wengi wanapoachwa na wakati. Mwelimishe muuzaji wako kwamba faili la PDF linaweza kubeba jina la mtumiaji wa kompyuta iliyoliandaa, pamoja na saa. Kijana wa ukaguzi akibonyeza mara mbili anaweza kukuta kampuni tatu zinazoshindana zimeandikwa kwenye kompyuta moja, kwa kupishana dakika nne, na kompyuta yenyewe ina jina la shemeji yako. Kwa hiyo mshauri anunue kompyuta tatu. Huo ndio uwekezaji katika teknolojia.

Wenzetu wa serikalini walifikiwa na msiba kabla yetu. Mwaka 2023 mfumo wa NeST ulianza kutumika ukachukua nafasi ya TANePS, na mwaka huohuo ikatungwa Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma, Namba 10. Zabuni zinatangazwa humo, zinatumwa humo, zinafunguliwa humo. Vijana hawajui tulichopoteza. Zamani sanduku la zabuni lilikuwa la mbao, lina kufuli, na ufunguo ulikaa kwenye droo ya katibu muhtasi pamoja na chai ya majani. Mwisho wa kupokea ni saa nne kamili asubuhi. Saa nne na dakika sita unasikia viatu kwenye ngazi, mtu anahema, nakala tatu kaziweka kifuani kama mtoto mchanga. Kama tunamfahamu, saa ya ukutani ilikuwa na utu, ingeweza kuonekana imetangulia. Kama hatumfahamu, ilikuwa sahihi kuliko ya Uswisi. Saa ya seva haina ndugu.

Wewe wa kampuni binafsi sheria ile haikubani, ila mkurugenzi wako ameshasikia habari zake, na kabla mwaka haujaisha atakuwa amenunua mfumo wa kwenu. Usiupinge, anayepinga anahamishwa. Uzindue. Vaa fulana yenye nembo yake, kata keki. Kisha endelea kuagiza kwa WhatsApp kama kawaida: "Mzee, nishushie katoni 40, karatasi zitafuata." Mzigo unafika Jumatatu, Jumanne umeshagawiwa, na LPO, ile hati ya kuagizia, inazaliwa Alhamisi, mtoto anayemkuta baba yake ana mvi. Mfumo utalalamika kwamba bidhaa zimepokelewa kabla hazijaagizwa. Tafuta kisanduku cha "sababu", chagua "dharura", endelea. Mwisho wa mwaka wetu wa kwanza tulitoa ripoti, na manunuzi karibu yote yalikuwa ya dharura, zikiwemo kalenda za kugawia wateja, kana kwamba Januari ilituvamia.

Kuhusu kikomo cha kuidhinisha sina haja ya kukufundisha. Kama mwisho wa kalamu yako ni milioni tano na meza ya mikutano ni milioni kumi na mbili, nunua uso wa meza, nunua miguu, nunua droo. Mfumo wa kizamani ulikuwa hauunganishi. Wa sasa unaunganisha, kwa hiyo miguu inunue mwezi ujao, na kwa kipindi hicho bodi ikutane kwa Zoom.

Jifunze na lugha. Usiseme "bei", sema "gharama nzima ya umiliki". Ni dhana nzuri kweli, sisemi kwa kejeli: printa ya laki tatu inaweza kukulia wino wa milioni mbili kwa mwaka, na aliyenunua printa kwa kutazama bei ya printa peke yake ameoa bila kuuliza ukoo. Mtaje pia Peter Kraljic, ambaye mwaka 1983 aliandika kwenye Harvard Business Review makala iliyogawa bidhaa katika vyumba vinne, kwa kupima zinachangia faida kiasi gani na kuzipata kuna hatari gani. Chora vyumba vinne ubaoni, mkurugenzi atatikisa kichwa kukubali. Vyumba vyetu halisi unavijua: muuzaji wa zamani, muuzaji ndugu, muuzaji aliyeletwa na mkubwa, na muuzaji mwenye bei nzuri ambaye hatumjui. Huyo wa nne ndiye anayeitwa hatari.

Na usiisahau Suez. Machi 2021 meli ya Ever Given, yenye urefu wa mita 400, ilikwama kwenye ule mfereji kwa siku sita, na dunia nzima ikajifunza kuwa mzigo huwa unapita mahali. Kwetu ilikuwa neema. Kila kilichochelewa kilichelewa kwa sababu ya Suez. Mimi niliitumia hadi kwa mbao zilizotoka Mafinga.

Sasa malipo, na hapa nitakaa kidogo. Zamani mzabuni akija kufuatilia hela yake tulimwambia, "Cheki iko tayari, bado sahihi moja." Mwenye sahihi hiyo alikuwa safarini miaka yote. Siku hizi jibu ni fupi: "Ipo kwenye mfumo." Akirudi wiki ya pili, "Mfumo uko chini." Ni jibu tamu kwa kuwa halina mtu ndani yake. Nani atagombana na kitu kilicho chini? Masharti yalikuwa siku 30 baada ya ankara, yakawa 60, na siku moja kikatoka kikao kikiwa kimeyafanya 90, tukapigiana makofi kwa kuboresha mtiririko wa fedha. Fedha za nani, hakuna aliyeuliza.

Kulikuwa na mama aliyetupikia chakula cha mikutano. Nyama ananunua leo kwa taslimu, mchele leo, gesi leo, vijana wake wa kubeba sufuria wanalipwa jioni. Ili atusubiri miezi mitatu alikuwa anakopa kwenye kikoba chao, kwa riba. Yaani akina mama wa kikoba walikuwa wanaikopesha kampuni yenye ghorofa na jenereta, nayo haina habari. Sahani yake ilianza kwa shilingi 7,000. Mwaka wa pili ikawa 9,500. Tukamwita mshauri atusaidie kuelewa kwa nini gharama za chakula zimepanda, na mshauri huyo tulimlipa nusu kabla hajafungua kompyuta. Nilipomuuliza mama mwenyewe, alikuwa anapanga vijiko, hakuinua hata macho. "Bosi wangu," akasema, "hiyo elfu mbili na mia tano siyo ya nyama. Ni ya kusubiri."

Mwongozo wangu hapa ni kwamba wafuatiliaji wote wa malipo wapewe anwani ya barua pepe. Kazi ya kutokea nyumbani ina faida nyingi, mojawapo ni kutokutana na mtu kama huyo kwenye lifti.

Akili mnemba nayo imefika, na kiongozi wa kisasa haikwepi. Mwaka juzi nilitakiwa kuandaa sifa za jenereta la kVA 100 kwa ajili ya ghala letu. Kazi hiyo zamani ilinichukua wiki: unamtafuta fundi umeme, unahesabu mzigo wa taa, feni na majokofu, unabishana. Safari hii niliiandikia mashine mstari mmoja, na kabla chai haijapoa nikawa na ukurasa na nusu wa Kiingereza kilichonyooka kuliko changu. Nikasoma mstari wa kwanza, nikasoma wa mwisho, nikasaini. Kipengele cha 11, ambacho hakikuwa cha kwanza wala cha mwisho, kilitaka injini iwe na hita ya kuiwezesha kuwaka kwenye baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri.

Ghala liko Dar es Salaam.

Muuzaji, mtu muungwana, alinipigia. "Mzee, shikamoo. Hili la baridi ni kweli?" Angekuwa amenipigia mwaka ambao mlango wetu uliandikwa "Vifaa", ningecheka nikalifuta. Ila sasa nilikuwa wa kimkakati, na kukiri kwamba sikusoma waraka wangu mwenyewe kungekuwa doa. Nikamjibu, "Wewe fuata sifa kama zilivyoandikwa." Akafuata. Jenereta likaja, na pembeni likaja boksi lenye hita, na kwenye ankara ikaja shilingi 2,400,000 kwenye mstari wake peke yake. Kamati ya mapokezi ikakagua, ikaandika "vimepokelewa vikiwa katika hali nzuri", jambo ambalo lilikuwa kweli tupu. Fundi hakuona faida ya kuifunga hita hiyo. Ikaenda stoo.

Linabaki suala la watumishi vijana. Utaletewa mmoja. Wangu alikuwa binti aliyetoka chuo mwaka uleule, mpole, ana kompyuta mpakato iliyobandikwa stika za maua. Siku ya nane kazini alisimama mlangoni.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba, binti yangu. Karibu."

"Nina swali dogo tu."

Ukisikia swali dogo, mkuu mwenzangu, funga droo. Alikuwa ameuchukua mfumo wetu, ule tuliouzindua kwa keki, akatoa data za miezi kumi na minane akazipanga kwenye jedwali. Wino wa printa, aina ileile, muuzaji yuleyule, mwezi uleule: makao makuu shilingi 185,000, tawi la Mwanza 240,000, idara ya TEHAMA hapohapo ghorofa ya tatu 310,000. Hakuwa analalamika. Alidhani ni makosa ya kuandika, alitaka nimsaidie kuyarekebisha.

Zipo njia tatu za kushughulika na kijana wa namna hii. Ya kwanza ni kumsifia mbele za watu na kumweka kwenye kamati, ambako jedwali lake litajadiliwa hadi astaafu. Ya pili ni kumpeleka semina. Ya tatu, ambayo niliichagua kwa uzoefu wangu, ni kumpeleka stoo akahesabu mali. Stoo haina mtandao wala kiyoyozi, mtunza stoo ni mzee mwenye maneno machache, na kuhesabu kunachukua wiki tatu. Kijana akitoka huko ameshasahau bei za wino.

Alimaliza kwa siku tisa. Akarudi ana vumbi hadi kwenye nyusi na orodha ya kurasa ishirini na mbili, kila kitu na rafu yake. Wakati huo nilikuwa najiandaa kwa kikao cha kumpongeza mkurugenzi kwa mageuzi ya idara yetu. Akaweka kidole kwenye ukurasa wa kumi na saba.

"Bosi, kuna hiki. Hita ya injini, moja, haijafunguliwa, rafu ya mwisho. Nilimuuliza babu wa stoo ni ya nini, akaniambia nikuulize wewe."

Feni ilikuwa inazunguka juu yetu kwa nguvu zake zote. Ilikuwa Februari, saa nane mchana, shati limenigandia mgongoni.

"Mfumo unasemaje?"

"Kwenye sababu ya kununua umeandika 'dharura'." Akasubiri kidogo. "Sasa kwenye safu ya maelezo niandike nini?"

Nikatafuta neno. Nilikuwa nayo mengi: mkakati, mnyororo, gharama nzima, Suez.

"Andika ulichokiona," nikamwambia.

Akaandika palepale, amesimama, kompyuta kaishikilia kwa mkono mmoja. Sijaenda kusoma.