Jinsi ya Kuendesha Meli kwa Joto la Bahari

Utahitaji bahari moja, amonia ya kutosha, silinda yenye pistoni, na jeshi la majini lenye shida ya mkaa. Mwaka 1881, jijini Washington, John Gamgee alikuwa na vyote vinne. Alikuwa daktari wa mifugo aliyehamia kwenye mitambo ya kugandisha, na mwaka 1876 alikuwa amefungua London uwanja wa kutelezea uliokuwa na barafu iliyotengenezwa kwa mashine. Kuhusu ubaridi, basi, hakuwa mgeni. Jeshi la Majini la Marekani lilikuwa na meli za mvuke lakini vituo vyake vya kujazia mkaa ng'ambo vilikuwa haba. Hoja ya Gamgee ilikuwa nyepesi kueleweka: joto la maji ambamo meli inaelea ndilo lichukue nafasi ya mkaa.

Kabla ya kumhukumu, pima ukubwa wa hazina aliyoiona. Jaza maji simtanki la lita 1,000. Yakipoa kwa nyuzi 1 tu, yametoa joto la zaidi kidogo ya uniti moja, zile zile unazonunua kwa tokeni. Hiyo ni nyuzi 1, kwa tenki moja. Sasa tazama Bahari ya Hindi kuanzia Lamu hadi Mtwara, yenye vuguvugu mwaka mzima, halafu uniambie kama na wewe hukupata hamu. Hamu hiyo ni ya haki. Nishati hiyo ipo kweli, na ni nyingi mno.

Endelea na ujenzi. Mimina amonia kwenye chombo kilichozungukwa na maji ya bahari. Katika kanieneo ya kawaida ya hewa, amonia huchemka ikiwa na nyuzi 33 chini ya sifuri, kwa hiyo maji ya nyuzi 27 yanaitokosa bila kuni wala gesi. Mvuke wake utasukuma kwa nguvu inayozidi mara 10 ya kanieneo ya hewa, na pistoni itasogea. Tena itasogea kwa kishindo. Benjamin Isherwood, mhandisi mwenye jina kubwa katika jeshi hilo, aliunga mkono wazo hili kwa maandishi, na hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi.

Umefika sasa kwenye hatua ambayo michoro ya wabunifu wengi huipita haraka: kuurudisha mvuke uwe kimiminika ili pistoni isukumwe tena. Gamgee alitegemea kwamba mvuke ukitanuka utapoa wenyewe na kuwa kimiminika. Ni kweli hupoa. Lakini sehemu yake tu ndiyo huwa kimiminika. Iliyobaki ni mvuke baridi unaojaza silinda, na hautoki humo mpaka uupoze zaidi au uushindilie. Ukichagua kuushindilia, utalipa kazi yote uliyoipata na ziada ya msuguano. Ukichagua kuupoza, tafuta mahali penye ubaridi wa amonia yenyewe, ndani ya meli, kwenye bahari ya joto.

Sadi Carnot alikuwa amekwisha kulieleza jambo hili mwaka 1824, Gamgee hata hajazaliwa. Kinachofanya kazi si joto, ni mteremko wa joto kutoka palipo moto kwenda palipo baridi. Ziwa Victoria lote, pamoja na ukubwa wake, halizungushi hata mtambo mmoja katikati yake. Umeme unapatikana Jinja, pale maji yanapopata pa kuteremkia. Joto la bahari lisilo na pa kwenda liko katika hali hiyo hiyo. Kwa hiyo ukiletewa mashine yoyote inayokula joto la hewa, acha kwanza kuuliza inapata wapi joto. Uliza upande wake wa baridi uko wapi, na nani anaulipia.

Na hapa ndipo ninapotaka ubaki na mimi, kwa sababu wengi wakisikia hayo hufunga daftari. Mwaka ule ule wa 1881, huko Ufaransa, Arsène d'Arsonval alichapisha wazo lililofanana sana na la Gamgee, isipokuwa yeye alitaja ubaridi wake unakotoka. Bahari za tropiki zina vuguvugu juu, lakini ukishuka mita 1,000 unakuta maji ya nyuzi 5 hivi. Hapo kuna mteremko.

Chukua kalamu tuupime. Juu nyuzi 26, chini nyuzi 5, tofauti ni 21. Gawanya kwa 299, ambayo ndiyo halijoto ya juu ikihesabiwa kuanzia sifuri halisi. Unapata asilimia 7. Hicho ndicho kikomo ambacho hakuna fundi atakayekivuka; mitambo halisi huambulia asilimia 2 au 3. Ndiyo sababu maji mengi sana lazima yapite, na ndiyo sababu gharama kubwa iko kwenye bomba la kupandisha maji baridi.

Georges Claude, yule yule wa taa za neoni, alilijaribu bomba hilo huko Matanzas, Kuba. Mabomba ya mwanzo yalipotelea baharini. Mwaka 1930 lililofuata, lenye urefu wa karibu kilomita 2, lilishika, na mtambo ukatoa kilowati 22. Pampu zake zilikula zaidi ya hizo. Mimi namheshimu sana Claude: alipata kidogo, akakionyesha hadharani kwa taa zinazowaka. Mwaka 2015 mtambo wa amonia huko Hawaii, wenye uwezo wa kilowati 100, ulithibitisha kwamba njia hii hufikisha umeme kwenye gridi.

Ukikosa bahari, mteremko unaweza kuupata kwingine. Saa ya mezani iitwayo Atmos huvuta nguvu zake kwenye hewa ya chumbani inayopanda na kushuka joto. Badiliko la nyuzi 1 huiendesha siku 2. Mwaka 2019 watafiti nchini Marekani waliwasha taa ndogo usiku kwa kifaa kinachotupa joto lake angani, kuelekea ubaridi ulioko nje ya dunia. Kilitoa miliwati 25 kwa kila mita ya mraba. Ni kiduchu, lakini ni halali, na kwa kituo cha kupimia hali ya hewa kilicho mbali na nguzo za umeme si haba.

Kama bado unaitaka bahari, na natumaini unaitaka, weka amonia kando kwa sasa. Tafuta ramani ya kina cha bahari ya pwani yako, tafuta mstari wa mita 1,000, kisha pima kwa rula umbali kutoka hapo hadi ufuoni. Huo ndio urefu wa bomba utakaloanza kulitafutia bei.